Kisukari na sonona: namna ya kutibu vyote viwili

Nimeendesha malori miaka ishirini na sita. Tanga kwenda Namanga, Horohoro kwenda Mombasa, saruji nyuma na utingo anasinzia pembeni. Kisukari kiligunduliwa 2011. Mwaka 2019 kidole gumba cha mguu wa kulia kikakatwa kwa ajili ya kidonda nilichokidharau, na leseni nikaiweka kabatini chini ya vitenge vya mke wangu, Mama Zuhura. Mwaka uliofuata nilikuwa na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na karibu mwaka mzima hakuna aliyeiita kwa jina lake. Mimi nilisema ni sukari. Mke wangu alisema ni sukari. Daktari akitazama namba za kwenye kadi, naye alisema sukari.

Namwandikia mwenzangu mwenye ugonjwa wa kudumu, uwe kisukari, figo, presha, selimundu au mwingine, anayehisi kwamba mwilini mwake kuna mgonjwa wa pili. Mifano yangu ni ya kisukari kwa kuwa ndicho ninachokijua. Na kabla sijaenda mbali: ukisikia mtu anakwambia "hiyo ni kawaida kwa ugonjwa wako", usimkubalie haraka. Ni kweli kwamba hutokea sana, kwani wenye kisukari hupata sonona karibu mara mbili ya wasio nacho. Lakini kidonda cha mguu nacho hutokea sana kwa wenye kisukari, na hakuna anayekuambia ukiache kiendelee kuoza.

Kwanza, tenganisha

Ugumu ni kwamba dalili zinafanana. Sukari ikipanda unachoka, sonona nayo inachosha. Sukari inakuamsha usiku, sonona nayo inakuamsha. Hamu ya kula, umakini, mwendo wa mwili, vyote vinaweza kuharibiwa na chochote kati ya hivyo viwili.

Ipo karatasi ya maswali tisa ambayo wahudumu wa afya huitumia, jina lake PHQ-9, na imetafsiriwa kwa Kiswahili. Inauliza habari za wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na ukifikisha 10 mhudumu anatakiwa akae na wewe akuulize zaidi. Mimi ninakushauri, wewe mwenye ugonjwa wa mwili, maswali ya usingizi, uchovu na chakula uyajibu lakini usiyafanye ndiyo mzani. Tazama sana haya manne: je, vitu ulivyovipenda bado vinakupa raha? Je, moyo umekuwa mzito, huoni mbele? Je, unajiona hufai, umewaangusha watu wako? Je, umewahi kuwaza kwamba afadhali ungekufa? Hayo sukari peke yake haiyaleti.

La raha lilikuwa wazi kwangu kama ningelitazama. Mimi ni mtu wa Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga, tangu utoto. Mwaka 1988 tulipochukua ubingwa nilirudi nyumbani na kiatu kimoja, cha pili sijui kiliishia wapi mpaka leo. Basi mwaka ule uliofuata kidole, Seifu mwanangu alitoka uwanja wa Mkwakwani akaja barazani kunipa matokeo. Nikamwambia, "Sawa." Akasimama kidogo akaingia ndani. Baadaye mama yake aliniambia mtoto alikwenda jikoni akasema, "Baba hakuuliza nani kafunga."

Usingizi nao una siri yake. Ukiamka kukojoa, ukarudi, ukalala, hiyo ni sukari. Ukiamka saa tisa usiku, ukamaliza haja yako, ukarudi ukalala chali unahesabu madeni na makosa ya mwaka 1997 mpaka adhana ya alfajiri, hapo kuna jambo jingine.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni daftari. Dereva wa masafa anajua kuandika safari: saa ya kuondoka, kilomita, mafuta. Kwenye daftari langu la sukari nikaongeza safu ya pili, nikawa naandika hali ya moyo kwa namba: 0 ni siku ambayo sitaki hata kuoga, 5 ni siku ya kawaida yangu ya zamani. Baada ya wiki tatu nikaona kitu. Siku ambazo sukari ilishuka chini ya 4 (milimoli kwa lita, kipimo cha mashine yangu) nilitetemeka, nikatoka jasho, nikamfokea kila mtu, lakini nikinywa maji ya sukari ndani ya robo saa hasira imekwisha. Hiyo ilikuwa sukari. Ila zilikuwepo asubuhi za 7.2 na asubuhi za 14.6, na zote safu ya pili imeandikwa 1. Ugonjwa ambao haujali namba za mashine si wa mashine ile.

Huna mashine, au stripu, vile vijiti vya kupimia damu, zimekushinda bei? Andika safu ya moyo peke yake. Inatosha kuanzia.

Kuna vitu vingine vinavyojifanya sonona, na daktari anaweza kuvipima. Ukimeza metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi, vitamini B12 inaweza kupungua mwilini, na hilo huleta uchovu, ganzi na hata moyo kuzama. Upungufu wa damu. Tezi ya shingo kufanya kazi kidogo mno. Dawa kama prednisoloni nazo hubadili hali ya moyo. Uliza tu: "Daktari, kabla hatujaita sonona, kuna kipimo cha kufanya?" Hakuna dharau katika swali hilo.

Kliniki una dakika chache, zipange

Kliniki ya kisukari unaijua. Umefika saa kumi na mbili, kadi imepangwa ya arobaini, chai hujanywa kwa sababu ya kipimo. Ukiingia kwa daktari anauliza, "Unaendeleaje, mzee?" Nawe ulimi unajibu peke yake: "Alhamdulillahi." Hata salamu yetu imeshakufunga mdomo. Mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo, yaani sina jambo. Unalo, tena kubwa, na umeshalikana kabla hujakaa kwenye kiti.

Kwa hiyo andika maneno nyumbani, kwenye kikaratasi, na ukiingia uyaseme kabla ya habari ya sukari. Mimi niliandika hivi: "Daktari, mbali na sukari nina jambo jingine. Kwa zaidi ya wiki mbili sifurahii chochote. Nalala vibaya. Nawaza kwamba familia yangu ingepumzika nisingekuwepo. Naomba tulizungumze hili leo." Mikono ilitetemeka, nikamsomea kama mtoto anayesoma barua ya shule. Akaweka kalamu chini. Huyo alikuwa daktari wa pili; wa kwanza, sehemu nyingine, alinijibu nipunguze mawazo, kama vile mawazo ni chumvi. Ukijibiwa hivyo usisuse. Subiri zamu ya mwingine, au mwambie muuguzi anayekupima presha. Wauguzi wengi wana muda wa kukusikiliza kuliko chumba cha daktari.

Ukipewa rufaa ya kitengo cha afya ya akili, najua kitakachokujia kichwani. Sisi wa Tanga tumekua tukitishwa na Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili kule milimani Korogwe, na nchi nzima inatishana na nyingine kama hiyo, Mirembe ya Dodoma. Nilidhani nikitaja moyo wangu nitapandishwa gari la kwenda huko. Nilichokuta ni chumba chenye meza, mama wa makamo mwenye miwani, na foleni fupi kuliko ya kisukari. Hakuna aliyenifunga.

Dawa

Miguu yangu iliwaka moto usiku, ikapewa amitriptilini, kidonge kidogo kabla ya kulala. Nikasoma kwenye simu kwamba hiyo ni dawa ya sonona, nikasema basi, natibiwa tayari. Sivyo. Kipimo cha kutuliza mishipa ya miguu ni kidogo sana kuliko kile kinachotakiwa kwa sonona. Kama na wewe unameza ya miguu, usijiongezee mwenyewe, maana dawa hiyo ikizidi ni hatari, hasa kwa moyo.

Mimi niliandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, kidonge kimoja asubuhi. Nakueleza jinsi ilivyokwenda ili usikate tamaa njiani. Wiki ya kwanza kichefuchefu. Wiki ya pili kichefuchefu kimepungua, moyo uko palepale, nikataka kuzitupa. Dawa hizi huchukua wiki mbili mpaka nne, wakati mwingine sita, ndipo uone kitu, na mara nyingi si wewe wa kwanza kuona. Wiki ya nne Mama Zuhura alikuwa anamimina chai, nikasema, "Leo tangawizi imezidi." Akaacha kumimina. Alikuwa hajasikia nalalamikia chakula kwa miezi.

Mambo ya kuuliza hapo dirisha la dawa, usione haya. Fluoksetini inaweza kushusha sukari, kwa hiyo wiki za mwanzo pima mara nyingi zaidi, hasa ukiwa unachoma insulini. Taja kila dawa unayomeza, hata aspirini, hata dawa za miti shamba. Kama una maumivu na ulipewa tramadoli, itaje kwa jina, kwa kuwa hizo mbili zikikutana zinaweza kuleta shida. Ukipata nafuu usiache siku hiyo hiyo. Huendelea kumezwa miezi sita au zaidi baada ya nafuu, kisha daktari anaipunguza taratibu. Nami nakiri kwamba niliwahi kuacha kwa kiburi, nikakaa siku tatu na kizunguzungu kama mtu aliyeshuka kwenye boti, nikarudi kwa adabu.

Na la wanaume, nitalisema kwa kuwa vijiweni halisemwi ila kwa mzaha. Nguvu za kiume. Kisukari hupunguza, sonona hupunguza, na dawa ya sonona nayo inaweza kupunguza. Mimi nilikwisha kumgeukia ukuta mke wangu tangu kabla ya kidole, naye akadhani nina mwingine huko Himo. Mwambie daktari. Matibabu yapo, ila hayamfai kila mwenye ugonjwa wa moyo, ndiyo maana unga wa kwenye chupa unaouzwa stendi si wa kuugusa. Na mwambie mkeo kwanza kuliko wote. Yale mazungumzo yalichukua nusu saa tu, tena gizani, umeme ulikuwa umekatika.

Gari la kusukuma

Hapa ndipo pa kazi. Dawa ilinisaidia kuinuka. Kusogea nilisogea mwenyewe.

Ukiwa na sonona unasubiri hamu irudi ndipo utoke. Nilikaa barazani miezi nikiisubiri. Yule mama wa miwani akaniuliza, "Betri ya gari ikifa porini, unafanyaje?" Nikacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Unaliweka gia, watu wanasukuma, linasogea, ndipo linawaka. Haliwaki ndipo lisogee. Akasema basi hamu nayo iko hivyo, hutangulii kuipata.

Tukapanga jambo moja kwa siku, dogo mpaka linatia aibu. Wiki ya kwanza: baada ya sala ya alasiri, nisirudi nyumbani moja kwa moja, nikae kwenye bao mchezo mmoja tu, nikishinda nikishindwa, niondoke. Siku ya kwanza nilishindwa vibaya na sikujali, na kutojali huko ndiko kulikonitisha. Siku ya sita niligombana na mzee mmoja juu ya kuteka kete. Nikaandika 2 kwenye daftari.

Jambo unalolichagua liwe linaendana na mwili ulio nao sasa, si ule wa zamani. Mimi siwezi kutembea mbali, na mwenye mguu wenye ganzi hatakiwi kuvaa kandambili wala kwenda peku hata uani. Kiatu kifunike vidole na ukikague ndani kwa mkono kabla ya kuvaa. Baiskeli ya binti yangu, Tanga yetu ni tambarare, ilinifaa kuliko miguu. Mwenye kusafishwa damu anaweza kuchagua siku ile isiyo ya mashine. Mwenye maumivu achague saa dawa yake inapokuwa imekolea.

Namna ya pili ni ya matatizo yenyewe. Kule Zimbabwe kuna mpango ulioanza 2006, wa daktari wa akili Dixon Chibanda, ambapo mabibi wa mtaani huketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona ugonjwa huu wanauita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema fulani "ana mawazo". Bibi hakupi nasaha ndefu. Anakusikiliza utaje shida zako zote, kisha mnachagua moja, mnatafuta hatua moja ya wiki hiyo. Nilifanya na Mama Zuhura kwa karatasi. Shida zilifika kumi na moja. Tukachagua stripu, si kwa kuwa ndiyo kubwa, bali kwa kuwa ilikuwa na mlango. Nikamuuliza daktari kama lazima nipime kila siku. Akanipangia siku na saa za kupima, nusu ya gharama ikaondoka. Kumi zikabaki, lakini kichwa kilijua sasa kwamba shida inaweza kupunguzwa.

Ramadhani

Kwa Mwislamu mgonjwa mwezi huu una uchungu wake na sijauona ukiandikwa kwenye vipeperushi vya hospitali. Nachoma insulini, nina historia ya kidonda, daktari alinikataza kufunga. Nilijua dini inaniruhusu. Kujua hakukusaidia. Nilikula mchana chumbani mlango umefungwa, nikaficha sahani chini ya kitanda watoto wasione, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Safu ya pili ilikuwa 0 siku saba mfululizo.

Shehe wangu nilimfuata nikitaka anipe ruhusa ya kufunga kwa siri. Hakunipa. Aliniuliza fidia natoa vipi. Nikamwambia nitatoa yote mwisho wa mwezi, kibaba kwa kila siku. Akasema, "Itoe kila siku, mwenyewe, kwa mkono wako." Basi kila jioni nikapima kibaba cha mchele, nikaning'iniza kwenye usukani wa baiskeli, nikampelekea bibi mmoja mjane barabara ya tatu kutoka kwetu. Alinipa habari za mtaa, akanilaumu nikichelewa. Mwezi ukaisha nikagundua nimetoka nyumbani siku ishirini na mbili.

Dua na kisomo nimesomewa, na nimepata utulivu. Mganga aliyeniambia niache sindano ili dawa yake "ipate nafasi", huyo nilimwachia kuku wake.

Kwa walio nyumbani

Maneno yaliyoniumiza yalitoka kwa wanaonipenda. "Jikaze." "Mshukuru Mungu, wenzako wamekatwa mguu mzima." Ni kweli, na ukiambiwa unabaki na ugonjwa uleule pamoja na aibu ya kutoshukuru. Lingine ni upolisi wa sahani. Ukimkagua mgonjwa kila tonge, atakula gizani. Nilikula.

Lililonifaa: Mama Zuhura alikubali kuniuliza habari ya sukari mara moja tu kwa siku, na habari ya moyo mara moja. "Leo safu ya pili ngapi?" Nikisema 1, hakusema pole ndefu. Alileta kiti akakaa. Na siku ya kliniki alikuja, akaingia ndani, akasema yale niliyoyasahau kwa makusudi.

Usiku mbaya

Wazo la kufa likija, lichukulie kama sukari iliyoshuka: halingoji asubuhi. Mwamshe mtu, hata kama ni saa nane, mwambie kwa maneno ya wazi. Dawa zote na insulini azishike yeye, akupe kipimo cha wakati huo tu. Usikae peke yako. Kama wazo halitoki, nendeni hospitali yoyote iliyo wazi usiku huohuo.

Na wazo hili kwetu wagonjwa wa kudumu lina nguo nyingine. Kuacha dawa kwa makusudi, kutokwenda kliniki "tuone itakuwaje", ni lilelile. Mimi niliruka sindano siku nne nikijidanganya nimechoka. Nilipomwambia mke wangu ukweli hakulia. Aliutoa mtungi wa maji tunaohifadhia insulini pembeni ya kitanda changu akauhamishia upande wake, akaniambia, "Lala." Asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Jumatano hii nina kliniki. Sukari ya leo asubuhi ni 8.1. Kwenye safu ya pili niliandika 3, kisha jioni nikaifuta nikaweka 4, kwa kuwa Coastal wametoka sare nyumbani na nimemfokea Seifu kana kwamba ndiye aliyekosa penalti.